Utambi Ambao Haukuona Moto

"Huu utambi haujawahi kuona moto."

Shangazi alikuwa amesimama kwenye karo, povu limempanda mpaka kwenye viwiko, na kati ya vidole viwili amening'iniza kitu cheupe kilichojikunja kama kamba ya kiatu. Alikuwa amekitoa ndani ya bilauri aliyokuwa akiiosha.

"Utambi gani?" aliuliza Mishumaa bila kugeuka. Alikuwa kwenye jiko la gesi anakoroga nta, na nta ikiwa motoni yeye hageukii mtu.

"Wa mtu wako. Njoo uone mwenyewe, nisije nikaambiwa nimeanza uchonganishi asubuhi asubuhi."

Mishumaa alizima jiko, akaja. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini mtaa mzima ulimwita Mishumaa, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazoea kuitikia. Siku za kazi alikaa mapokezi kwenye duka la miwani. Jioni alirudi nyumbani kwa shangazi yake, akafunga kitambaa kichwani na kuyeyusha nta. Hakuwa anatafuta utajiri. Jumamosi, duka likiwa limefungwa, bosi alimwachia baraza aweke meza yake ndogo, na alichopata kilinunua nta nyingine, tambi nyingine, na zile chupa ndogo za manukato zinazokula pesa kuliko mtoto wa shule. Kikibaki kitu, Shangazi alinunuliwa soda. Waliomwambia afungue duka aliwajibu jibu moja.

"Nikianza kuishi kwa mishumaa nitaichukia. Acha ijilipie yenyewe, mimi nifurahi."

Alikuwa na utaratibu wake. Ukirudisha bilauri tupu, mshumaa unaofuata unapunguziwa bei. Kwa bilauri hizo aliwajua wateja kuliko walivyojijua. Bilauri nyeusi mdomoni, huyo hapunguzi utambi, ni mtu wa haraka. Nta imebaki pembeni na katikati kuna shimo, huyo alizima kabla haijayeyuka mpaka ukingoni, hana subira. Lakini bilauri za Fundi Feni, mtengeneza feni na pasi wa mtaani, zilirudi ziking'aa, hazina moshi wala doa. Mishumaa alianza kumpenda kupitia bilauri hizo kabla hajampenda kwa sura.

"Mwanaume anayeosha bilauri mpaka chini, Shangazi, unampata wapi?" alikuwa akisema kila Jumamosi.

Leo Shangazi alimwekea ule utambi kiganjani. Ulikuwa mrefu vilevile kama alivyoukata yeye, na chini yake kile kibati kidogo cha kuusimamishia. Haukuwa na hata alama ya moshi.

"Mshumaa ukiwaka, utambi unaisha pamoja na nta," alisema Shangazi. "Mimi si fundi kama wewe, lakini hilo nalijua. Sasa niambie, nta imekwenda wapi na utambi umebaki?"

"Labda... labda ulizimika."

"Ukazimika, halafu nta ikajitoa yenyewe, ikasema kwaheri?"

Mishumaa hakucheka. Kesho, Jumapili, dada mkubwa wa Fundi na mjomba wake walikuwa waje kujitambulisha. Mapazia yalikuwa yamefuliwa. Viti viwili vilikuwa vimeazimwa kwa jirani. Akachukua simu, akaandika.

"Ule wa mdalasini uliuwasha?"

Jibu lilikuja haraka.

"Niliuwasha jana jioni mpenzi. Nyumba nzima ilinukia, nikakukumbuka mpaka chakula kikanishinda."

Akaandika tena.

"Uliwaka mpaka ukingoni?"

"Mpaka ukingoni. Kama ulivyonifundisha."

"Soma kwa sauti," alisema Shangazi.

"Nimesoma kwa macho, inatosha."

"Amekudanganya?"

Mishumaa aliutazama utambi mweupe kiganjani mwake. Iliuma. Si kwa ukubwa wa jambo, maana lilikuwa jambo dogo, bali kwa wepesi aliodanganywa nao, bila hata kusitasita. Akapiga simu. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa, halafu ikapokelewa na sauti ya mwanamke.

"Haloo! Fundi hawezi kushika simu sasa hivi, mikono yake haifai."

Mishumaa akaitazama simu, akairudisha sikioni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi? Mimi namsaidia tu. Hata ujumbe nimemwandikia mimi, yeye ananitajia. Subiri nimuulize..." Kwa mbali ikasikika sauti ya Fundi ikisema, "Mwambie sipo!" Yule mwanamke akarudi kwenye simu. "Anasema hayupo."

Simu ikakatwa.

"Nimesikia," alisema Shangazi, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Hata kama nisingetaka kusikia, ile sauti ilivyo kali! Anamsaidia. Anamsaidia nini Jumamosi asubuhi?"

"Shangazi, tafadhali."

"Mimi nimenyamaza. Ila mishumaa yako anampelekea mtu, mwanangu. Anampelekea mtu nta na wewe anakurudishia bilauri."

Mishumaa alivua kitambaa kichwani, akaufunga utambi kwenye leso, akatoka na kandambili za uani.

* * *

Karakana ya Fundi ilikuwa ubavuni mwa saluni. Nje zilining'inia panga za feni za kila ukubwa, na mlangoni palikuwa na rundo la pasi zilizokufa. Ndani hakukuwa na mtu. Lakini kwenye kibaraza cha saluni alisimama msusi, chanuo mkononi, simu ya Fundi mfukoni mwa aproni yake, anamsuka mteja aliyejifanya hasikii kitu.

"Karibu, wifi!" aliita msusi. Ilikuwa sauti ileile.

"Ni wewe uliyepokea simu?"

"Ni mimi. Aliniachia kwa sababu mikono yake ina nta."

"Nta gani?"

Msusi aliuma midomo. Akamtazama mteja wake, akautazama mlango wa nyuma wa karakana, akamtazama Mishumaa.

"Mimi sijasema kitu."

"Yuko wapi?"

"Nimekwambia sijasema kitu," alisema msusi, huku chanuo lake likionyesha mlango wa nyuma wazi kabisa.

Mishumaa aliusukuma mlango. Alikuwa amejiandaa kumkuta mwanamke mwingine, na maneno yake alikuwa ameyapanga njiani moja moja. Alichokikuta kilimfanya ayasahau yote.

Fundi alikuwa ameinama mbele ya jiko la umeme, kitambaa kilicholowa maji amekifunga puani mpaka chini ya macho, na juu yake miwani mikubwa ya wachomeleaji. Nyuma yake feni tatu zilikuwa zinavuma kwa nguvu zote kuelekea dirishani. Kwenye sufuria ya maji ya moto ilisimama bilauri moja, na ndani yake mshumaa wa mdalasini, ule aliomuuzia Jumamosi iliyopita, ulikuwa unaachia taratibu. Fundi aliukamata utambi kwa koleo, akauvuta, mshumaa mzima ukatoka, akageuza kichwa pembeni na kupiga chafya iliyotikisa meza.

"Fundi."

Aliruka. Mshumaa ukaponyoka ukaanguka chini, ukapasuka vipande viwili.

"Mpenzi! Mimi... sipo. Yaani, nilikuwa natoka."

"Vua hiyo miwani."

Aliivua. Macho yake yalikuwa mekundu, yamefura, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kile kitambaa.

"Unalia?"

"Hapana. Ni..." Akapiga chafya. Akapiga ya pili. Akainua kidole kuomba subira, akapiga ya tatu. "Ni aleji. Daktari aliniambia zamani, manukato yoyote. Nikinusa tu, pua inawasha, macho yanafura, kifua kinabana."

"Ndiyo maana na mimi amenikataza kupuliza dawa za nywele mlango ukiwa wazi!" aliongeza msusi kutoka kibarazani.

Vitu vilianza kupangika kichwani mwa Mishumaa. Mafua yasiyoisha. Feni aliyowaletea kama zawadi, ambayo kila akija anaiwasha mpaka mwisho na kukaa nyuma yake, mishumaa yote inazimika, yeye anasema joto, joto. Kukaa kwake mlangoni hata mvua ikinyesha.

"Umekuwa ukinunua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile bosi wenu alinifungulia duka nikachukua feni ya kutengeneza."

"Na hukuwasha hata mmoja?"

"Niliwasha wa kwanza. Nililala nje."

"Na huu wa mdalasini ndio kwanza unautoa. Jana jioni chakula kilikushindaje?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo unanunua, unachemsha, unatoa nta, unaniletea bilauri. Lakini bilauri ya huu si iko hapa? Ile tuliyoiosha nyumbani leo ni ya lini?"

"Ya wiki ile nyingine, niliipitisha jana kwa Shangazi. Nilikuwa na haraka, sikuona kama utambi umebaki ndani."

"Na nta unampelekea nani?"

Fundi alionekana kushangaa kweli.

"Nimpelekee nani? Si hiyo hapo."

Kwenye kona palikuwa na ndoo ya zamani ya rangi. Mishumaa alifunua mfuniko. Nta ilikuwa imejaa karibu na ukingo, imelala tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na rangi yake. Fundi alisogea, akabana pua kwa vidole, akaanza kumwonyesha kwa sauti ya mtu mwenye mafua makali.

"Hii ya kijani huku chini ni ule wa mchaichai. Hii nyeupe ulisema ni wa kuniletea usingizi. Hii ya njano ulinipa bure, ulisema umebonyea katikati, huwezi kumuuzia mtu kitu chenye shimo."

"Ungetupa tu."

"Nilijaribu. Nilifika mpaka kwenye pipa la taka. Nikakumbuka unavyomimina, umezuia pumzi kama unambeba mtoto mchanga. Nikarudi nayo."

Moyo wa Mishumaa ulitaka kulainika pale pale. Aliuzuia. Alifungua leso, akauweka ule utambi mezani, na pembeni yake akaweka simu yake ikiwa wazi kwenye ujumbe.

"Mimi sina hasira na pua yako, Fundi. Pua hukujichagulia. Hasira yangu ni hii hapa. 'Mpaka ukingoni. Kama ulivyonifundisha.' Nimesoma hayo maneno nimeshika utambi huu mkononi."

Feni zilivuma.

"Kitu ninachokipenda kuliko vyote nakuuliza, unanipa jibu la kunifurahisha. Kesho nikikuuliza kama unaumwa, utasema mzima? Nikikuuliza kama umenichoka, utasema unanipenda mpaka ukingoni?"

"Unakumbuka siku ya kwanza?" aliuliza Fundi taratibu. "Nilitoka dukani na feni begani, nikapiga chafya mbele ya meza yako. Ulicheka. Ukasema, mtu asiyeweza kukaa na harufu ya mishumaa yangu, mimi na yeye hatukai nyumba moja."

"Ulikuwa utani!"

"Kwako. Mimi nilikuwa nimeshapenda kabla hujamaliza sentensi. Niliogopa, Mishumaa. Nikisema ukweli utachagua, mimi au mishumaa. Na nimeshakuona ukiwa na mishumaa. Nilijua nitashindwa."

"Hukunipa nafasi ya kuchagua. Ulichagua kwa niaba yangu, halafu ukaniandikia ujumbe mtamu." Akachukua utambi, akaufunga tena kwenye leso. "Mwambie dada yako asije kesho."

"Mpenzi..."

"Asije."

Alitoka. Nyuma yake Fundi alipiga chafya nyingine ndefu, na safari hii hata msusi hakucheka.

* * *

Mchana aliweka meza kama kawaida, maana wateja hawana kosa. Alipanga bilauri kwa rangi, akakaa, akasema karibu kwa sauti iliyochoka. Alikuwa na huzuni, na zaidi ya huzuni alikuwa na swali. Angeolewa na mtu ambaye hawezi kuingia jikoni kwake? Au aache kitu pekee duniani anachokifanya kwa raha tu? Kila akigeuka upande huu, upande wa pili ulimvuta.

Mwalimu mstaafu alikuja na kikapu chake, mteja wake wa tangu mwanzo.

"Leo una ule usionukia?"

"Mwalimu, unajua sina."

"Najua. Nauliza tu. Mke wangu anapenda mwanga wa moto, ila harufu inamuumiza kichwa."

Siku zote Mishumaa alikuwa na jibu tayari: mshumaa usionukia ni taa mbovu tu, Mwalimu. Wote wawili walicheka na Mwalimu akanunua wa ndimu. Leo hakulitoa.

"Sasa hii unayonunua kila mara unaifanyia nini?"

Mwalimu alikohoa kidogo, akajifanya anatafuta kitu kikapuni.

"Namgawia jirani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia mara ngapi, binti yangu? Nilikwambia, ukanijibu kwa utani, nikanunua."

Mishumaa aliisogeza bilauri moja, akairudisha mahali pake.

"Mwalimu, niambie kweli. Mimi ni mtu wa kuogopwa?"

"Kuogopwa, hapana." Mwalimu alifikiri, kama vile anasahihisha insha. "Ila ukianza kuongelea mishumaa, uso wako unang'aa, mtu anaona aibu kukukatiza. Ndiyo hivyo. Naomba wa ndimu."

"Sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Njoo Jumamosi ijayo. Nitakuwa na wa mama."

* * *

Jua lilikuwa linazama Shangazi alipoingia jikoni na kumkuta anamimina. Alinusa hewa, akanusa tena.

"Hujatia yale manukato yako."

"Leo sitii."

"Umesahau?"

"Sijasahau, Shangazi. Kaa hapo, usiniongeleshe."

Nta ilishuka kwenye bilauri ikiwa nyepesi kama maji, ikaanza kuganda kutoka pembeni, weupe wake ukitembea polepole kuelekea katikati. Mishumaa aliitazama huku akingoja ile raha yake ikosekane. Haikukosekana. Ilikuwepo pale pale, kwenye mkono usiotakiwa kutetemeka na kwenye weupe ule unaofunga. Miaka yote alidhani anapenda harufu. Kumbe harufu alikuwa ameizoea tu, na pesa zake nayo ilikuwa inazimaliza. Alicheka peke yake jikoni, kicheko kikamjaza machozi.

"Huo utambi..." alisema Shangazi, akiinama kuutazama vizuri. "Si ule wa asubuhi?"

"Ndio huo. Nimeuosha, nimeukausha juani, nimeuchovya kwenye nta safi."

Shangazi alimtazama mpwa wake kwa muda. Kisha akavuta kigoda, akakaa pembeni yake.

Mishumaa aliandika ujumbe.

"Kesho njoo alasiri. Peke yako. Usije na feni."

"Nitakuja," alijibu Fundi. Baadaye kidogo ukaja mwingine, mrefu.

"Huu nimeuandika mwenyewe. Ule wa mdalasini sikuuwasha. Wala wa mchaichai. Wala ule wa usingizi. Nisamehe. Na ile blauzi yako ya zambarau siipendi, nilisema naipenda. Na supu ya Shangazi wiki iliyopita ilikuwa na chumvi nyingi. Nimeamua kusema yote."

Mishumaa aliangua kicheko mpaka akashika meza.

"Anasemaje?" aliuliza Shangazi.

"Anaomba msamaha."

"Mbona nimeona neno supu?"

* * *

Jumapili alasiri Fundi alifika amenyoa ndevu, shati limenyooshwa kwa pasi ambayo bila shaka aliifufua mwenyewe. Alisimama mlangoni, mahali pake pa siku zote.

"Hodi."

"Ingia ndani."

"Hapa panatosha."

"Nimesema ingia, Fundi. Nimefuta nyumba nzima tangu asubuhi, hakuna kinachonukia humu. Hata sabuni nimebadilisha."

Aliingia kama mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa. Akavuta pumzi kidogo. Akavuta nyingine, ndefu. Hakuna kilichotokea. Alikaa kwenye moja ya vile viti vya kuazima, na mbele yake mezani ilisimama bilauri yenye mshumaa mweupe, mtupu, hauna rangi wala karatasi ya jina.

Mishumaa alimpa kibiriti.

"Washa."

"Mimi?"

"Wewe. Na ukishawasha, huruhusiwi kuondoka mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni. Safari hii nitakuona kwa macho yangu."

Njiti ya kwanza ilikatika. Ya pili ikashika. Moto ukapanda kwenye utambi, ukayumba, ukatulia. Fundi aliutazama.

"Huu utambi..."

"Ndiyo."

"Ule ule?"

"Ule ule. Nilitaka uone moto."

Fundi alifungua mdomo kujibu, akapiga chafya moja ndogo. Mishumaa aliruka kwenye kiti.

"Nini? Inawasha? Kifua?"

"Hapana, hapana. Hiyo ilikuwa ya manukato ya zamani yaliyobaki kwenye utambi. Imepita." Alisubiri kidogo, akagusa pua yake kuhakikisha. "Imepita kweli. Sisemi hivyo kukufurahisha."

"Apa."

"Naapa."

Walikaa. Mshumaa wa kwanza kuwashwa hauna haraka, na wao kwa mara ya kwanza walikaa mbele ya moto mmoja bila feni katikati yao. Nta iliyeyuka duara dogo kuzunguka utambi, na duara likaanza kupanuka.

"Ulinikasirikia sana?" aliuliza Fundi.

"Sana. Halafu nikajua kwamba hata mimi nimewafanya watu waniogope kunikatiza. Mwalimu amenunua mishumaa ya jirani yake miaka yote kwa sababu yangu." Alinyoosha mkono, akauweka juu ya wake. "Sitaki uwe mteja wangu, Fundi. Wateja ninao. Nataka mtu wa kuniambia supu ina chumvi."

"NIMESIKIA!" ilitoka sauti ya Shangazi nyuma ya pazia.

Walicheka wote, na pazia nalo likacheka.

"Kwa hiyo utaacha manukato?" aliuliza Fundi. "Nisingependa uache. Nasema kweli. Nitakaa ng'ambo ya barabara kila Jumamosi, nitakupungia mkono."

"Siachi. Wapo wanaoyapenda, na ndiyo yanayonunua nta. Ya kunukia nitamiminia hapa hapa kwa Shangazi, na nitabadilisha nguo kabla sijarudi. Hii isiyonukia ndiyo tutawasha kwetu."

Fundi alimgeukia.

"Umesema kwetu."

"Nimesema."

"Rudia."

"Kwetu. Na ile ndoo yako ya tabaka tabaka niletee kesho. Naiyeyusha yote, natengeneza mishumaa ya kuuza, inunue nta ya huu wako."

"Nta niliyokwisha kuilipia unaiuza tena?"

"Naiuza tena."

"Na mimi sipati chochote?"

"Unapata mke."

Fundi alifuta macho. Mishumaa alimtazama kwa wasiwasi.

"Hiyo ni aleji?"

"Hapana," alisema Fundi. "Hii siyo."

Simu yake ikaita mezani. Aliitazama, akakunja uso.

"Ni dada. Nilimwambia asije. Amekataa kuvua nguo za kutokea. Anasema atakaa nazo mpaka asikie kutoka kwako wewe mwenyewe."

Mishumaa aliichukua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Tuko hapa na mjomba, tumevaa tangu asubuhi, viatu vinatubana. Tuje au tusije?"

"Njooni, dada. Viti vipo, na maji yako motoni. Nina ombi moja tu. Msijipulizie manukato."

Upande wa pili dada alishusha pumzi ndefu.

"Amekwambia! Mungu mkubwa. Tumemsihi mpaka tumechoka, mwambie huyo binti, mwambie huyo binti, na yeye anachemsha mishumaa kama mwehu!" Nyuma yake mwanaume alikuwa anauliza kitu kwa kelele. "Mjomba anasema yeye ameshajipulizia. Chupa nusu."

"Akaoge," alisema Mishumaa. "Tutamsubiri. Mshumaa wenyewe bado haujafika ukingoni, na sisi hatutoki hapa mpaka ufike."

Aliiweka simu chini. Fundi alikuwa ameinama karibu kabisa na ile bilauri, pua yake juu ya moto, anavuta pumzi kwa raha kama mtu yeyote.